Kazi ya Fundi katika Lori la Kale: Uhakiki wa Sanaa ya Hotirodi

Katika Marekani, na hasa katika jimbo la California, iko kazi moja ya mikono ambayo wenye kuhakiki sanaa walichelewa sana kuitambua kuwa ni sanaa. Ni kazi ya kutwaa motokaa au lori la zamani, kulifumua hata lisalie fremu tupu, kisha kuliunda tena kwa umbo na nguvu ambazo kiwanda chake hakikuzikusudia. Gari la namna hiyo huitwa hotirodi. Wenyewe hutofautisha baina ya hotirodi halisi, ambayo asili yake ni mbio, na gari lililogeuzwa umbo kwa ajili ya uzuri. Walakini katika malori mpaka huo umefutika siku nyingi, nami nitalitumia neno hilo moja kwa yote mawili.

Madhumuni ya makala haya si kumfundisha mtu ufundi wa gereji. Nataka kuuliza swali ambalo wanafunzi wa maandiko ya kale hulijua vizuri: mtu aliyekabidhiwa kitu cha kale kilichoharibika ana haki ya kukibadili kadiri gani, na haki hiyo huipata wapi? Mfano wangu mkuu ni lori moja, Chevrolet ya mwaka 1950, ambalo liligeuzwa umbo mbele ya macho ya wasomaji wa gazeti, likavunjika barabarani mwaka 1958, na baadaye likafufuliwa. Katika maisha ya lori hilo maswali yote ya sanaa hii yamekutana.

Kwanza yafaa tuyapime maneno yetu, maana uhakiki wenye maneno yasiyopimwa hupotea njia mapema. Kitu kilichokaa miaka mingi twaweza kukiita kikuukuu, au cha zamani, au cha kale, lakini maneno haya hayalingani. Nguo kuukuu ni ile iliyochakaa. Anayeitaja huwa amekwisha kuihukumu. Cha zamani ni cha wakati uliopita tu, bila sifa wala lawama. Cha kale kina heshima ndani yake, na mtu hawezi kukitupa jaani bila kuulizwa. Lori lililolala miaka thelathini nyuma ya ghala la shamba, ndege wamejenga kiota penye usukani, ni kuukuu. Likisha kupita mikononi mwa fundi na kuwekwa penye maonyesho, watu huliita la kale. Chuma ni kile kile. Sanaa ninayoizungumza ni sanaa ya kulihamisha lori kutoka neno la kwanza hata neno la tatu.

Kadhalika twahitaji vitenzi. Kiswahili kina neno "kutengeneza", ambalo hubeba mizigo mitatu kwa pamoja: kuunda kitu kisichokuwapo, kuponya kilichoharibika, na kupanga vizuri kilichovurugika. Kwa matumizi ya kila siku ukarimu huo haudhuru, bali kwa mhakiki hautoshi. Katika makala haya nitasema "kurejesha" pale ambapo nia ya fundi ni kulirudisha lori katika hali liliyotoka nayo kiwandani, na "kugeuza" pale ambapo nia yake ni kulipa umbo jipya. Upande mwingine, Kiswahili kina neno moja ambalo lingewafaa sana wahakiki wa Kimarekani, nalo ni "fundi". Kwao mtu wa spana ni mmoja na mtu wa sanaa ni mwingine, na ilibidi vitabu viandikwe ili kuwashawishi wasomi kwamba huyu wa kwanza aweza kuwa yule wa pili. Kwetu fundi ni fundi, akiwa wa seremala, wa cherehani, wa injini, au hata wa kutunga mashairi. Tunachouliza ni kiasi cha ufundi wake.

Asili ya kazi hii imo katika mbio. Katika miaka ya 1930 vijana wa California ya kusini walikuwa wakipeleka magari yao ya bei nafuu kwenye maziwa yaliyokauka jangwani, kama Muroc, ambako ardhi ni tambarare na ngumu kwa maili nyingi. Waliyavua madigadi, wakayapunguzia kila kitu chenye uzito, wakaongeza nguvu za injini, kisha wakapima mwendo. Mwaka 1937 vilabu vyao viliungana katika chama cha Southern California Timing Association. Gari walilolipenda kupita mengine lilikuwa Ford ya mwaka 1932, kwa sababu mwaka huo Ford ilitoa injini ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la herufi V katika gari ambalo mtu wa kawaida aliweza kulinunua. Injini hiyo ilikuwa na ujazo wa karibu lita 3.6 na nguvu za farasi 65. Baada ya vita vya pili vya dunia kazi ikaenea. Januari 1948 Robert Petersen alianzisha gazeti la Hot Rod, na mwaka 1951 Wally Parks alianzisha chama cha National Hot Rod Association ili mbio zitoke katika barabara za mjini na kuingia katika viwanja vyenye kanuni.

Malori yalifuata nyuma kidogo, na yalikuja na tabia yao. Mwaka 1947 Chevrolet ilitoa malori ya umbo jipya, na mwaka 1948 Ford ikatoa yake ya F-1, ambayo mwaka 1953 yalifuatwa na F-100. Hizi ndizo aina ambazo mafundi wa hotirodi huzipenda hata leo. Hazikuundwa kwa ajili ya fahari. Ziliundwa kubeba nyasi, mbolea, mapipa, vyombo vya fundi bomba, na maboga ya kupeleka sokoni. Kwa hiyo mtu anayeligeuza lori hugeuza pia kumbukumbu ya kazi, na jambo hilo halimpati sana yule anayegeuza motokaa ya kutembelea.

Na tulitazame basi lori la Chevrolet la nusu tani la mwaka 1950 kama lilivyotoka kiwandani, kwa jicho lile lile ambalo tungeitazama beti kabla ya kuisahihisha. Injini yake ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wake ni karibu lita 3.5, na nguvu zake ni za farasi tisini hivi. Ekseli ya mbele ni pao moja la chuma, nalo limelazwa juu ya springi za vyuma vilivyopangwa tabaka. Breki zote nne ni za madramu. Umeme wake ni wa volti 6. Sakafu ya sanduku la mizigo ni ya mbao zilizoungwa kwa mikanda ya chuma. Umbo lake lote hutii kanuni moja, nayo ni mduara: paa limeinama pande zote kama kofia, boneti imevimba, madigadi yamefura, na hata pembe za nyuma za kebini zimezungushwa. Mistari iliyonyoka ni michache, na iliyo mikuu ni ile mitano ya vyuma vya mbele vinavyolinda rejeta. Umbo la lori hili, basi, lina vina vyake na mizani yake, ijapokuwa waliolichora walikuwa wakifikiri habari za mauzo.

Anayelirejesha lori la namna hii ana kazi ngumu, lakini swali lake ni jepesi: lilikuwaje? Hukata sehemu za sakafu na pembe za kebini zilizoliwa na kutu, huchomelea bati jipya, hutafuta spea za miaka ile ile, na rangi huichagua katika orodha ya kiwanda. Anayeligeuza huanza mahali pale pale, kwa kufumua, kwa kukwangua kutu na kwa kunyoosha fremu, kisha huachana na mwenzake penye njia panda. Mara nyingi hung'oa ekseli ya mbele na kuweka mfumo ambao kila gurudumu lajitegemea. Hutia breki za diski, umeme wa volti 12, na injini ya Chevrolet ya silinda nane ya aina ile iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1955. Hulishusha chini hata matairi yajifiche nusu katika madigadi. Na kama ana ujasiri, hukata paa.

Kukata paa ndiko mtihani wa ufundi, na yafaa kukuelezea kwa urefu, maana mtu asiyejua hudhani kwamba ni jambo la msumeno tu. Fundi huondoa kipande cha nguzo zinazoshika paa, tuseme inchi tatu, kisha hulishusha paa lote kwa kadiri hiyo. Lakini nguzo za kebini hazikusimama wima. Za mbele zimelala kuelekea nyuma, na za nyuma zimeinama kuelekea mbele, hata kebini ni nyembamba juu kuliko chini. Basi paa likishushwa, ncha za nguzo za juu hazikutani na ncha za chini. Fundi hana budi kuchagua: ama azilaze nguzo zaidi, ama alikate paa lenyewe vipande na kulitanua kwa kuongeza bati kati. Kila njia huzaa tatizo jingine penye milango, ambayo fremu zake za vioo hazina budi kukatwa kwa kipimo kile kile. Kioo cha mbele cha mwaka 1950 ni vipande viwili bapa, navyo hukatika; vile vya pembeni nyuma vilivyopindwa, kwa malori yaliyo navyo, haviko tayari kukatwa kwa urahisi huo. Mshairi ye yote aliyepata kupunguza mizani moja katika mshororo uliokwisha kukamilika anayajua mambo haya. Hupunguzi mahali pamoja, kwani ukigusa mizani umegusa kina, na ukigusa kina umegusa beti nzima.

Ndiyo maana paa lililokatwa vizuri halionekani kwamba limekatwa. Mtazamaji mgeni huona kwamba lori hili lina uso mkali kidogo kuliko mengine, kama mtu aliyeshusha kofia machoni, wala hajui kwa nini. Mduara umebaki mduara. Paa lililokatwa vibaya hulalamika katika kila pembe, na rangi nzuri hailinyamazishi. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Zamani mafundi walijaza viungo vya namna hii kwa risasi iliyoyeyushwa, wakaipiga tupa hata ikawa laini, na moshi na vumbi vyake viliwadhuru. Baadaye wakatumia makandiko ya plastiki. Vyote viwili huweza kuficha kazi mbaya kwa miaka michache tu, kisha ufa hujitokeza juu ya rangi.

Sasa twaweza kuliendea lori la mfano. Mwenye lori alikuwa Spencer Murray, mhariri wa kwanza wa gazeti la Rod & Custom lililoanzishwa mwaka 1953. Lori lake lilijulikana kwa jina la Dream Truck, yaani Lori la Ndoto. Murray hakuligeuza kwa siri. Aliwakaribisha wasomaji watoe mawazo, akalipeleka kwa mafundi wengi mbalimbali, na kila hatua ikapigwa picha na kuchapishwa. Paa lilikatwa, mistari ya bodi ikabadilishwa, na baadaye nyuma yake ikatiwa mapezi kama yale yaliyokuwa yakivuma katika motokaa za miaka hiyo. Likasafirishwa toka maonyesho hata maonyesho, na katika safari ya namna hiyo, mwaka 1958, likiwa linavutwa na gari jingine, likapata ajali na kuvunjika. Miaka mingi ilipita kabla ya mabaki yake kukusanywa na kuundwa tena.

Tukilihakiki kama kazi ya sanaa, sifa zake na kasoro zake zatoka katika chemchemi moja, nayo ni wingi wa mikono. Kukatwa kwa paa kulilielewa lori. Kulikaza mduara uliokuwapo bila kuuvunja, na hapo mgeuzaji alikuwa mwanafunzi mwema wa mchoraji wa kwanza. Mapezi hayakulielewa hivyo. Yalitoka katika motokaa za kutembelea, ambazo mistari yake hukimbia kuelekea nyuma, nayo yaliwekwa juu ya sanduku la mizigo ambalo kwa tabia yake hutulia. Mtu aliyasikia mavumo ya mwaka ule akayaandika pambizoni, na pambizo ikaingizwa katika matini. Hili si jambo la ajabu kwa msomaji wa makala haya, kwani ni nani kati yetu asiyepata kukuta katika utenzi wa kale beti moja inayonuka wino wa mnakili? Na hata hivyo beti hiyo ni sehemu ya historia ya utenzi. Mapezi ya Lori la Ndoto hayakulifaa umbo lake, lakini yanasema kweli juu ya mwaka wake.

Kazi kama hizi zilipata mtetezi wao mashuhuri katika Tom Wolfe, aliyechapisha makala marefu juu yake katika gazeti la Esquire mwaka 1963. Mwaka 1965 makala hayo yakatoa jina la kitabu chake cha kwanza. Wolfe aliwachukua akina George Barris na Ed Roth kuwa wasanii hasa, wenye imani yao juu ya umbo, akaishindanisha mistari yao ya kupinda na mistari iliyonyoka ya sanaa ya kisasa ambayo wasomi waliipenda. Alifanya haki kubwa, maana aliwaondoa mafundi hawa katika habari za vijana watundu na kuwaingiza katika mazungumzo ya sanaa. Walakini jicho lake lilitua zaidi juu ya mtu, rangi, na umbo la nje, kana kwamba fundi alianza na udongo mtupu. Fundi wa hotirodi haanzi na udongo. Huanza na kazi ya mtu mwingine, iliyokwisha kufikiriwa na kukamilika, naye huijibu. Kumsifu kwa uhuru wake tu ni kumsifu mshairi wa majibizano bila kutaja shairi alilolijibu.

Hapa ndipo pa ugomvi wa zamani, ambao wenye malori waliurithi kwa wenye majengo. Mwingereza John Ruskin, katika kitabu chake cha mwaka 1849 juu ya taa saba za usanifu wa majengo, alidai kwamba kulirejesha jengo la kale ni kuliharibu, kwa kuwa mkono wa waliokufa hauwezi kufufuliwa. Katika karne ile ile Mfaransa Viollet-le-Duc alishika upande wa pili, akaona kwamba mrejeshaji aweza kulipa jengo ukamilifu ambao pengine halikupata kuwa nao wakati wo wote. Mwaka 1964 wataalamu waliokutana Venice waliandika hati iliyotafuta njia ya kati: kazi ya kurejesha haina budi kukoma pale makisio yanapoanza, na kinacholazimika kuongezwa kiwe na alama ya wakati wake ili mtazamaji asidanganyike.

Wafuasi wa kurejesha husema, mwacha asili ni mtumwa. Hoja yao ina uzito. Malori ya mwaka 1950 hayaundwi tena, na kebini iliyokatwa hairudi kuwa nzima. Kila lori zima linalopelekwa chini ya msumeno ni shahidi mmoja aliyepunguzwa. Wageuzaji nao hujibu kwamba malori mengi waliyoyachukua yalikuwa yanangoja kuuzwa kama chuma chakavu, na kwamba lori lenye breki za madramu na umeme dhaifu haliwezi kutumika kwa salama katika barabara za leo zenye magari yaendayo kasi. Bila wao, wasema, shahidi huyo angekuwa amekwisha kuyeyushwa. Hoja hii nayo ni ya kweli, lakini haitoshi. Kuokoa kitu kwenye tanuru hakumpi mtu haki ya kukifanyia lo lote. Hati iliyookolewa na mchwa bado ina mwenyewe, naye ni yule aliyeitunga.

Mimi naona kwamba pande zote mbili zimeishika kamba katikati na kusahau ncha zake. Swali la kiasi cha chuma cha zamani kilichobaki haliamui neno. Plutarch alikwisha kusimulia habari za merikebu ya Theseus, ambayo Waathene waliitunza kwa kubadilisha mbao zake moja moja, wanafalsafa wakabishana kama ni ile ile au siyo. Leo Ford ya mwaka 1932 yaweza kuundwa yote kwa bodi mpya, ya chuma au ya fiberglasi, ambayo haikuiona miaka ya 1930 hata siku moja. Fundi mmoja huiita kwa jina lake la kweli, yaani nakala, na hakuna aliyedhulumiwa. Mwingine huibandika kibao cha namba cha gari la zamani na kuiuza kwa jina la asili. Chuma ni sawa katika magari hayo mawili. Tofauti imo katika maneno yanayofuatana nayo, na kwa hiyo kipimo cha sanaa hii nakitafuta katika mambo mawili: kulisoma vizuri lori la kwanza, na kusema kweli juu ya yaliyobadilishwa.

Kipimo hiki chatuwezesha kuihukumu desturi moja iliyoenea siku hizi. Baadhi ya wenye malori, wakichoshwa na rangi zinazong'aa kama kioo, waliamua kuiacha rangi ya zamani kama walivyoikuta, pamoja na mikwaruzo yake na kutu yake, na kuifunika kwa vanishi isiyo na rangi. Uamuzi huo una adabu. Ukiuona mlango wenye jina la duka lililofungwa zamani, herufi zake zimefifia kwa jua na kwa viwiko vya madereva, wajua kwamba mtu fulani alilipata riziki yake katika lori hili. Fundi amenyamaza ili lori liseme. Lakini mara uzuri huo ulipopata soko wakatokea wanaouigiza. Bati jipya hunyunyiziwa siki na chumvi ili lipate kutu, rangi mpya husuguliwa mahali ambapo viwiko vingesugua, na juu ya mlango huandikwa jina la duka ambalo halikuwapo, katika mji ambao lori halikupata kuukanyaga.

Wapo wanaosema kwamba huu nao ni mchezo wa sanaa, na kwamba mtunzi wa hadithi huvumbua maduka yasiyokuwapo bila kulaumiwa. Jibu langu ni kwamba mtunzi wa hadithi ametuambia kuwa ni hadithi. Anayezeesha lori kwa siki amefanya kazi ya yule anayechovya karatasi katika chai na kuleta hati ya karne ya kumi na nane. Madhara yake hayakomei kwa mnunuzi mmoja aliyedanganywa. Hati moja ya uongo ikigunduliwa katika sanduku, hati tisa za kweli zilizomo humo huanza kutiliwa shaka. Vivyo hivyo mlango wa kweli wa duka la kweli hupoteza ushahidi wake, kwa kuwa mtazamaji amekwisha kufundishwa kutosadiki. Huyu mgeuzaji hakukata paa wala hakuhamisha nguzo. Pengine hakuna aliyegusa chuma kidogo kuliko yeye. Hata hivyo ameliharibu lori kuliko yule wa msumeno.

Na yule wa msumeno aweza kupata haki ambayo hakuitarajia. Motokaa ya Mercury ya mwaka 1951 iliyogeuzwa katika karakana ya Barris kwa ajili ya Bob Hirohata mwaka 1952 ilipita mikononi mwa watu, ikapakwa rangi nyingine, ikachakaa, na baadaye sana ikarejeshwa. Ikarejeshwa katika hali gani? Hakuna mtu mwenye akili aliyefikiri kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani. Ilirudishwa kama ilivyotoka kwa Barris, na rangi zake za kijani za mwaka 1952. Ilipouzwa kwa mnada Januari 2022, bei yake pamoja na ada ilizidi dola milioni 2. Fedha si kipimo cha uzuri, bali hapa yatuonyesha jambo la maana: kilichokuwa badiliko kimekuwa asili. Anayeikaribia gari ile leo na spana mkononi ana wajibu kwa Barris kama Barris alivyokuwa na wajibu kwa mchoraji wa Mercury.

Turudi basi kwa Lori la Ndoto, ambalo naliona kuwa mfano bora kuliko magari mengi yaliyo mazuri kuliko lenyewe. Lilipovunjika mwaka 1958 lingeweza kutoweka. Chuma chake kingine kilibaki, lakini chuma kilichokunjwa barabarani hakielezi mistari iliyokuwa nayo. Kilichoeleza ni gazeti. Kwa kuwa Murray aliichapisha kazi hatua kwa hatua, mtu aliyekuja baadaye aliweza kujua paa lilikatwaje, sura ya nyuma ilikuwaje, na fundi yupi aliitia mkono sehemu ipi. Mwenye kulifufua hakulazimika kukisia penye giza. Wahariri wetu wa mashairi ya zamani watatambua hapa kazi wanayoifanya kila siku wanapoandika chini ya ukurasa kwamba hati moja yasema hivi na nyingine yasema vile, nami nimechagua hivi kwa sababu hii. Mhariri asiyeandika hayo aweza kuwa na sikio zuri kuliko wote, na beti zake zikawa tamu, lakini amemfungia mlango ajaye.

Sisemi kwamba kila fundi wa gereji aanzishe gazeti. Yatosha daftari moja lililowekwa ndani ya lori, pamoja na picha zilizopigwa kabla ya kufumua, vipimo vya nguzo kabla ya kukatwa, na orodha ya sehemu mpya na mahali zilipotoka. Sehemu za asili zisizotumika zifungwe na kuwekwa, zisitupwe. Injini ya zamani ya silinda sita ikisha kuondolewa huchukua nafasi ndogo katika pembe ya ghala, na mwenye lori wa miaka hamsini ijayo atamshukuru aliyeihifadhi. Katika kazi nyingi za hotirodi ambazo picha zake huonekana, hesabu ya fedha zilizotumika husomwa kwa fahari, na daftari la namna hii halitajwi. Hii naihesabu kuwa kasoro kubwa ya sanaa yenyewe, kubwa kuliko mapezi yasiyolingana na kuliko rangi inayong'aa kupita kiasi.

Liko jambo moja la mwisho, ambalo kipimo changu hakilimalizi. Lori lililoshushwa chini, lenye mbao za sanduku zilizopakwa vanishi hata mtu ajione sura yake, haliwezi tena kubeba mzigo. Gunia moja la viazi lingeziharibu. Lori limesomwa vizuri, daftari limeandikwa, hakuna uongo, na bado kimeondoka kile ambacho lori liliundiwa. Pengine hatuna la kumlaumu fundi. Mashairi mengi yaliyoimbwa kwa ngoma leo yamo vitabuni, yamepangwa vizuri na kufasiriwa, wala hayachezwi. Sisi tulioyapanga twajua tulichokiokoa. Yafaa tujue pia kilichobaki nje ya kitabu, na fundi wa hotirodi naye, anapoipaka vanishi mbao ya tatu, akumbuke kwamba mbao ile iliwekwa pale ikwaruzwe.